Lirhanda na watoto: panda asubuhi, shuka kabla ya radi

Lirhanda ni kilima cha nyasi ndani ya msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, upande wa kituo cha msitu cha Isecheno. Mtoto wa miaka sita aliyezoea kwenda shule kwa miguu anakimudu. Kinachowaharibia watu siku ni kuchelewa: mvua ya huku hunyesha alasiri, tena kwa ngurumo, na kilele kitupu si mahali pa kukutwa na radi. Saa mbili asubuhi muwe Isecheno, saa tano muanze kushuka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu ya mvua.

Ukitoka Kisumu, shika barabara ya Kakamega hadi Khayega, kata kulia kuelekea Shinyalu, kisha endelea hadi Isecheno. Lipa kiingilio, halafu chukua mwongozaji wa hapo hapo na mpatane bei kabla ya kuondoka. Usimwone ni gharama ya bure. Vijia vya msituni vinagawanyika kila mara na vyote vinafanana.

Kila mtu avae suruali ndefu, miguu yake ichomekwe ndani ya soksi. Sababu ni siafu. Baada ya mvua hukatiza njia kwa msafara mweusi, na anayeumwa ni yule aliyesimama kuutazama, kwa kuwa wapo pia waliotawanyika pembeni. Ruka, songa hatua kumi, ndipo mkaguane. Wakishapanda, mtoe mtoto hapo kwanza, mvue suruali, kisha ng'oa siafu mmoja mmoja ukimshika kichwani. Ukivuta kiwiliwili, taya hubaki zimeuma.

Bebeni lita moja ya maji kwa mtoto, mbili kwa mtu mzima. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na ndizi vinatosha, lakini vikae ndani ya begi lililofungwa hadi kileleni. Mbega hana shida, hukaa juu mitini akila majani. Kima ndiye wa kuchunga, hasa mtoto akitembea na ndizi mkononi.

Sehemu ya mwisho ina mwinuko mkali, basi mwacheni mdogo kabisa atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Juu mtauona msitu wote, na upande wa mashariki ukuta wa Nandi, yaani genge refu la milima. Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi ngurumo isikike: kila tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya thelathini, shukeni mara moja, na msijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Kushuka ndiko watu huanguka, nyasi zikiwa zimelowa. Pigeni hatua fupi.

Ubavuni mwa kilima kuna handaki la zamani la wachimba dhahabu, limejaa popo. Watoto watalilia kuingia. Wachungulie mlangoni tu: ndani ni giza, hewa ni nzito kwa kinyesi cha popo, na mawe ya juu hayana nguzo ya kuyashikilia.