Kutengeneza hereni za polima klei ukiwa Kigoma, tamu yake na shida zake

Watu wengi wananiuliza hizi hereni zinatengenezwaje na kama zinalipa. Zinalipa, ila zina mambo yake, na mengi yanaanzia kwenye joto.

Kwanza jua unashika nini. Hii polima klei sio udongo wa wafinyanzi, ni PVC, plastiki jamii ya mabomba ya maji, imechanganywa na kilainishi ndo maana inafinyangika, haikauki kwa upepo, inakuwa ngumu ikiokwa tu. Sasa huku kwetu wengi tunaagiza Dar inakuja na basi, na klei ikikaa kwenye buti lenye joto njia nzima inaanza kuganda ikiwa bado kwenye pakiti. Kwa hiyo ukifika kupokea mzigo bonyeza kila pakiti. Ikiwa ngumu kiasi ikande na tone moja mbili za mafuta ya mtoto itarudi, ila ikimeguka kama chaki hiyo imeshakwenda. Nyumbani iweke sehemu ya baridi, ndani ya nailoni laini, usiiache juu ya sahani ya plastiki ngumu maana kile kilainishi kinaila sahani.

Vifaa usihangaike. Chupa ya soda ya kioo inasukuma vizuri kabisa, wembe wa kukatia, kifuniko chochote cha duara ndo kikatio chako, ila kikishagusa klei kisirudi jikoni tena. Kanda mpaka iwe laini haipasuki ukiikunja, sukuma iwe na unene wa kama milimita 3, ikizidi hapo hereni kubwa inavuta sikio mteja anaivaa mara moja tu haivai tena.

Vumbi la kiangazi utalichukia. Nyeupe inakamata kila kitu, nyuzi za nguo, vumbi jekundu, nywele, kwa hiyo funga dirisha, anza na nyeupe ukiwa na mikono misafi, nyekundu na nyeusi ziwe za mwisho. Na kama ulikuwa unapika na mawese nawa na sabuni vizuri kabla hujagusa.

Kuhusu rangi, mi naona hapa ndo Kigoma tuna bahati, vitenge tunavyo vingi. Pita kwa fundi cherehani omba vile vipande anavyotupa, kaa navyo mezani uchanganye rangi mpaka ifanane, mteja akiona hereni imekaa sawa na kitenge chake cha harusi habishani bei sana. Oka kipande kidogo cha majaribio kwanza maana kuna rangi zinakolea zikiiva.

Haya, kuoka. Soma pakiti, kila aina ina joto lake, Fimo ni nyuzi 110 kwa dakika 30, Sculpey Premo ni nyuzi 130 dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Oveni ndogo za mezani usiziamini, namba kwenye kitufe na joto la ndani mara nyingi haviendani, nunua kipimajoto cha oveni kabla hujanunua hata hizo rangi za ziada. Panga vitu juu ya kipande cha kigae cha sakafu, funika na foili visiungue juu. Wengi wanaogopa kuunguza wanatoa mapema, wanauza kitu kinaonekana kigumu kumbe hakijaiva, wiki ya pili kinavunjika. Iliyoiva ikiwa nyembamba inapinda kidogo bila kukatika. Umeme ukikatika katikati usitupe, ukirudi anza upya dakika zote, klei haidhuriki kuokwa mara mbili.

Kuna wanaosema si tuoke kwa mkaa juu na chini kama keki. Jamani hapana. Keki inaiva kwenye nyuzi kama 180, na klei ikifika huko inaungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inawasha macho na koo, na sufuria ya mkaa huwezi kuishusha joto haraka. Hata kwenye oveni ukiona moshi zima, fungua madirisha, toka nje na watoto.

Ikipoa piga msasa ukiwa na maji ili vumbi lisiruke, anza namba 400 panda mpaka 1000, toboa, funga viduara vya kuunganishia na kulabu za sikioni zisizoshika kutu. Ukitaka ing'ae usipake rangi ya kucha, hata kama inavutia siku ya kwanza, baadae inanata vibaya. Sugua na kitambaa cha jinzi inatosha.

Bei sasa, hapa ndo wengi wanaumia. Wanahesabu klei peke yake. Tuseme jozi imekula klei ya 1,500, kulabu 500, kadi na mfuko 300, hapo bado umeme, nauli ya mzigo, na saa nzima ya mikono yako, ukiuza 3,000 kwa sababu za dukani zinauzwa 2,000 unafanya kazi bure. Mi nasema usishindane na za dukani kabisa, uza oda za kitenge, chukua nusu ya hela kabla hujaanza, na punguzo mpe anayechukua jozi tatu au wanakamati wa sendoff wanaotaka za kufanana.