Gasketi ya hedi ikivuja: kuiokoa Corolla ya zamani mjini Goma

Gari likianza kula maji bila kudondosha tone chini, fundi wa kwanza utakayemkuta Goma atakuambia ni joint de culasse, yaani gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Lakini gasketi ya hedi ni nadra kufa yenyewe. Huuawa na joto, na joto lina chanzo chake. Ukibadilisha gasketi na chanzo ukakiacha, utafungua tena baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye radieta. Vipimo vilivyo hapa ni vya Toyota Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE. Kwa injini nyingine njia ni ileile, ila namba tafuta zake.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndani ya injini, kinachoyazuia yasichemke mapema ni kifuniko cha radieta, ambacho hushikilia mgandamizo wa karibu bar 0.9. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, gari lililokuwa likivumilia mtaa wa Himbi mjini litachemka likipanda mlima kwenda Kibumba. Nunua kifuniko kipya bila kubishana.

Halafu maji yenyewe. Ya ziwa Kivu yana madini mengi, na kila bidoni unayoongeza huacha ukoko mweupe ndani ya mirija ya radieta. Ya mvua nayo, kwa sababu ya moshi wa Nyiragongo, yanaweza kuwa na asidi inayokula alumini ya hedi. Tumia maji ya betri, yale safi yasiyotiwa asidi, uchanganye nusu kwa nusu na kulanti, dawa ya maji ya radieta. Baridi ya kugandisha maji hatuna, lakini kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Vumbi jeusi la lava hujaa kwenye mapezi ya radieta: lioshe kwa maji ya nguvu ndogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, vinginevyo unalisukumia ndani zaidi.

Na temostati, kile kivalvu kinachofungulia maji njia ya radieta yakipata moto, usiitoe. Ni desturi iliyoenea kwenye garaji, nayo inaharibu. Kwenye injini hii, temostati ikifunguka hufunga pia njia ya pembeni. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye radieta, hasa pale unapoihitaji, mlimani. Weka mpya ya nyuzi 82.

Sasa hakikisha ugonjwa. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha radieta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu yasiyokoma, hasa ukikanyaga mafuta kidogo, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Asubuhi, kabla ya kuwasha, bana kwa mkono mpira wa juu wa radieta: ukiwa mgumu baada ya gari kulala usiku kucha, kuna gesi iliyojifungia humo. Chomoa plagi zote nne uzilaze kwa mpangilio. Ile iliyo nyeupe na safi kama imeoshwa, huku wenzake wana rangi ya kahawia, imekuwa ikioshwa na mvuke. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti ni dalili mbaya. Utandu kidogo chini ya kifuniko cha oili pekee unaweza kuwa jasho tu la safari fupi za asubuhi.

Ukipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, usiogope namba kuwa chini kuliko za kitabu, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda: tofauti isizidi bar 1. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Ikiwa moja tu iko chini, tia kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi za pistoni, na kufungua hedi peke yake hakutakusaidia.

Ukisharidhika, kusanya vitu kabla ya kufungua: seti ya gasketi za juu pamoja na sili za valvu, kulanti, oili mara mbili ya ujazo wa injini pamoja na filta mbili, mkanda wa taimingi (unaozungusha kamshafti, mihimili inayofungua valvu) kama wa zamani umechoka, na spana ya kupimia mkazo, ile inayoitwa dinamometriki. Usipoweza kuipata hata kwa kuazima, ahirisha kazi.

Mwaga maji na oili injini ikiwa baridi. Weka alama za taimingi sawa kabla ya kuvua mkanda. Kamshafti zote mbili lazima zitoke, kwa kuwa bolti za hedi ziko chini yake. Gia yenye springi iliyo kwenye kamshafti ifungwe kwanza kwa bolti ndogo ya milimita 6, la sivyo itafyatuka na kukutesa wakati wa kurudisha. Bolti 10 za hedi legeza kidogokidogo, kwa duru tatu, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Anayelegeza moja hadi mwisho kabla ya nyingine anaipinda hedi kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gasketi ya zamani ikwanguliwe kwa mti au plastiki. Disiki ya grainda huacha mabonde usiyoyaona, na gasketi mpya itavujia hapohapo. Kisha chukua rula ya chuma iliyonyooka, iweke wima juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake. Ni nyembamba kuliko unywele. Ikipita popote, hedi iende kwa mtu wa rektifikasyo, yaani wa kusaga vyuma vya injini, mwenye mashine, naye asage kiasi kidogo iwezekanavyo. Mwombe pia aipime nyufa kwa hewa ndani ya maji ya moto, akitazama hasa kati ya viti vya valvu. Bloku nayo ipimwe kwa kipimo hichohicho.

Kausha matundu ya bolti kwa kitambaa na hewa. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti itaibana na bloku inaweza kupasuka. Laza gasketi kavu, bila silikoni, huku kila tundu la oili likilingana na lenzake. Bolti za milimita 90 zikae upande wa kuingiza hewa, za 108 upande wa moshi. Linganisha kila moja na mwenzake: iliyorefuka au kunyongeka shingoni itupwe. Paka nyuzi zake oili kidogo, kaza toka katikati kwenda pembeni hadi Nm 29 (kipimo cha mkazo kwenye spana ya dinamometriki) kwa duru kadhaa. Kisha tia kila bolti nukta ya rangi upande unaotazama mbele, zungusha digrii 90, yaani robo duara, halafu 90 tena. Nukta zote zikitazama nyuma, umemaliza. Moja ikiwa imebaki pembeni, umeisahau.

Jaza maji polepole huku pua ya gari ikiwa juu kidogo na hita imefunguliwa kwenye moto. Acha injini iungurume, kifuniko kikiwa wazi, mpaka mpira wa chini upate joto na mapovu yakome. Feni ikishawaka mara mbili na mapovu bado yanakuja, huenda hedi ina ufa. Kama oili ilikuwa imechanganyika na maji, ibadilishe pamoja na filta baada ya kilomita 500, kwa sababu mabaki ya maji hula beringi za krenki. Kwa wiki mbili, piga mstari wa kalamu kwenye chupa ya akiba ya maji na uusome kila asubuhi kabla ya kuwasha.