Nazi tatu za Jumamosi

Kwetu Mikindani, Mtwara, tupo wanne: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 14. Jumamosi ndiyo siku pekee tunayokula pamoja asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo Ijumaa nikitoka sokoni kapu langu lazima liwe na nazi tatu. Humo hutoka maandazi na mbaazi za asubuhi, kisamvu cha mchana na mkate wa kumimina wa jioni. Nilipoolewa nilijua wali na maharage tu. Haya mengine nimefundishwa na mama mkwe, mwenyeji wa Mchinga kule Lindi. Yeye anapima kwa jicho. Mimi nilikaa pembeni na kikombe cha robo lita nikipima kila alichomimina, na vipimo hivyo ndivyo nitakavyowapa.

Anza na nazi yenyewe, kwa sababu nazi mbovu haitengenezeki. Ipime mkononi, kisha itikise karibu na sikio. Nzuri ni nzito na maji yake yanacheza kwa sauti. Ikiwa nzito lakini kimya, bado ni koroma: nyama yake laini na tui lake maji matupu. Ikiwa nyepesi na kimya, maji yamekauka, inaelekea kuwa mbata. Tazama na yale macho matatu. Yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevunyevu. Ukishaivunja, onja maji kabla hujakaa kwenye mbuzi ya kukunia. Yakiwa machachu au yana harufu ya mafuta ya zamani, iweke kando. Usidhani iliki na sukari zitaificha, hazifichi. Mimi nanunua kwa mama mmoja anayekubali nimrudishie iliyoharibika, na kwa ajili hiyo simhami hata mwingine akiuza kwa bei nafuu.

Usikune zote tatu kwa mpigo kama huna friji. Joto la huku halina subira, tui la asubuhi likikaa hadi alasiri linachacha. Asubuhi nakuna mbili, ya tatu naiacha nzima hadi saa 9 mchana. Ukikuna, simama unapofika kwenye ile ngozi ya kahawia, maana ikiingia tui hupoteza weupe wake.

Kwa nazi mbili kubwa, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, finyafinya kwa mikono dakika 3 au 4, kisha chuja na kukamua kwa nguvu zako zote. Utapata kama vikombe viwili vya tui zito. Hilo ndilo kasimile. Liweke kwenye chombo chake. Rudishia machicha vikombe vitatu vya maji, finya tena, chuja: hilo ni tui la pili. Kasimile na tui la pili visichanganywe, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake na wakati wake wa kuingia chunguni. Ukiwa na nazi ndogo, punguza maji, usilazimishe vikombe vitimie.

Maandazi nayaanza saa 12 alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala. Nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko 5 vya kula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, punje 6 za iliki zilizotwangwa na chumvi kidogo sana. Pasha kikombe kimoja cha kasimile liwe vuguvugu tu. Chovya kidole, uweze kuhesabu hadi kumi bila kukitoa. Likiwa moto zaidi ya hapo linaua hamira na maandazi yatabaki mawe. Mimina kidogokidogo huku ukikanda. Unga ukibaki mkavu, ongeza vijiko viwili vitatu vya tui la pili. Kanda dakika 10 kamili, funika saa moja, gawa madonge sita, sukuma kila donge na ukate vipande vinne. Viache vipumzike dakika 20 ndipo uchome. Mafuta yawe ya moto wa kati: dondosha kipande kidogo cha unga, kikipanda juu papo hapo bila kuungua, yako tayari. Tumbukiza andazi na ulimwagie mafuta juu kwa upawa, ndipo litakapovimba na kuwa na uwazi ndani.

Mbaazi kavu vikombe viwili zimelowekwa tangu usiku. Mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya bila chumvi mpaka mbaazi moja isagike kati ya vidole viwili. Huchukua saa moja, zilizokaa ghalani muda mrefu huenda hata saa moja na nusu, ndiyo maana nazibandika kabla sijagusa unga. Tia vikombe viwili vya tui la pili, kitunguu kilichokatwakatwa na nusu kijiko cha chai cha manjano. Acha lichemke mpaka libaki kama nusu. Sasa chumvi, kisha kikombe cha kasimile kilichobaki, na hapa usiondoke. Koroga taratibu bila kufunika, moto mdogo, likichemka mara moja tu epua. Mara ya kwanza niliwacha sufuria nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Niliporudi tui limekatika, mafuta juu, chenga chini. Mama mkwe alikuwa mlangoni. Aliniambia, "Tui halisusiwi, mwanangu." Tangu siku hiyo, kama mtoto analia wakati wa kasimile, naepua kwanza ndipo namfuata.

Pilipili siweki chunguni. Inasagwa na limao kwenye kibakuli cha wakubwa. Mbaazi za mdogo nazisukuma kwenye chujio kwa mwiko, maganda yabaki juu na uji wake laini ushuke. Anamaliza bakuli zima.

Mchana ni zamu ya kisamvu, na hiki ndicho chakula ninachojivunia zaidi, kwa sababu kina mazao yetu ya kusini ndani yake. Majani ya muhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo usiwe na haraka. Kwa mafungu mawili yaliyotwangwa, tia maji mengi na uchemshe bila mfuniko angalau nusu saa, mvuke utoke. Hapo ongeza kikombe cha tui la pili kilichobaki asubuhi (nakichemsha saa ileile ninapolikamua, ndipo linafika mchana salama), kitunguu na nyanya moja, uendelee nusu saa nyingine mpaka majani yalainike kabisa na yasikwaruze ulimi.

Kasimile halipo tena, limeisha asubuhi. Nafasi yake inachukuliwa na korosho. Kikombe kimoja cha korosho mbichi zilizokwisha banguliwa, zitwange au zisage na maji kidogo mpaka ziwe uji mzito, mimina kwenye kisamvu, koroga dakika 10 kwa moto mdogo. Ladha yake ina utamu ambao karanga haina. Nunua vipande badala ya nzima. Bei iko chini na kwa kuwa unazisaga hakuna tofauti yoyote. Msimu unapoanza, kuanzia Oktoba hivi, wengi wetu tunaletewa za shambani zikiwa na maganda. Tafadhali usijaribu kuzibangua jikoni watoto wakiwepo. Mafuta yaliyo kwenye ganda yanababua ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Wapelekee wenye kazi yao. Na mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe korosho nzima mkononi, anaweza kupaliwa. Kwangu zinaingia chakulani zikiwa zimesagwa tu.

Tunakula na ugali, na samaki akipatikana. Wakati wa upepo wa kusi bahari inachafuka na samaki wanapanda bei, kisamvu chenye korosho kinatosha peke yake. Nikimpata samaki aina ya changu namchoma na limao na chumvi, basi. Wa watoto namchambua kwa vidole, minofu yote napapasa mara mbili.

Sasa mkate wa kumimina. Binti yetu alipotimiza miaka 3 ndio tuliomkatia, na mwaka uliofuata aliuomba mwenyewe.

Vikombe viwili vya mchele, uwe wa kawaida, usionukia sana, uoshwe na kulowekwa asubuhi ili alasiri uwe umeloa kwa muda wa saa nane kamili. Ikune ile nazi ya tatu, kamua kasimile kikombe kimoja na robo. Tui lake la pili ni la uji wa mdogo wa jioni. Chuja mchele maji yote, tia kwenye blenda na kasimile, na usage mpaka ukichukua kidogo kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona umekuwa mweupe na laini wanadhani umesagika. Endelea dakika mbili zaidi. Umeme ukikatika, unga wa mchele wa mashineni unafaa, ingawa mkate hutoka mzito kidogo. Mchanganyiko uwe mzito kama uji unaomwagika polepole kutoka kwenye upawa.

Tia kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki punje 8, changanya, funika na kitambaa. Huku kwetu saa moja inatosha, miezi ya Juni na Julai ngoja zaidi. Utajua umeumuka ukiona umepanda na una mapovu juu. Sukari robo tatu ya kikombe inaingia sasa, pamoja na ute wa yai moja uliopigwa kidogo. Ukiitia sukari mwanzoni, mchanganyiko unakuwa mwepesi na kuumuka kwake ni kwa shida. Koroga kwa upole, yasitoke mapovu yote uliyoyangojea.

Moto uwe umewashwa nje au barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, nasema hivi nikijua nyumba nyingi za kupanga hazina jiko la nje. Sufuria nzito yenye kina kidogo, pakaza mafuta hadi pembeni, ibandike ipate moto, ndipo umimine. Lazima uisikie inachemka pembeni ikiguswa na uji. Kwa dakika 7 au 8 acha wazi kwenye moto wa wastani mpaka vitundu vitokee juu. Kisha punguza makaa ya chini yabaki matano au sita, funika kwa mfuniko bapa wa bati, na makaa mengine yote yapande juu ya mfuniko. Vifuu vya zile nazi usivitupe, vinawaka haraka na makaa yake ni makali, napenda kuvitumia kwa moto wa juu. Mkate wangu wa kwanza uliungua chini na katikati ulikuwa uji, kwa sababu niliacha moto wote chini na nikafunua kila baada ya dakika mbili. Usifunue kabla ya dakika 15. Baada ya hapo chungulia mara moja. Juu ukiwa na rangi ya dhahabu, choma katikati na kijiti. Kikitoka kikavu, ondoa makaa yote na uuache ndani ya sufuria dakika 10.

Pitisha kisu pembeni, geuza kwenye sinia. Ukiukata ukiwa moto unashikana na kisu na vile vitundu vyake vya ndani vinabanana, kwa hiyo binti huwa namtuma akatandike mkeka barazani kwanza. Kinachobaki nakifunga kwenye kitambaa safi kikishapoa kabisa, na Jumapili asubuhi tunakimaliza na chai ya rangi yenye mchaichai.