Abiria akigonga kichwa, usimwamini akisema "niko poa"

Miaka tisa niko kijiwe cha bodaboda cha Buzuruga, Mwanza, na kosa ni lile lile: majeruhi akiinuka akajipangusa vumbi, watu wanatawanyika.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, umevikwa tando tatu, na unaelea kwenye maji maji yanayofika kama nusu ya chupa ya soda. Kichwa kikigonga lami, fuvu linasimama lakini ubongo bado una mwendo. Unajipigiza kwenye mfupa. Mshipa ukipasuka, damu haina pa kutokea, inaukandamiza ubongo taratibu, pengine kwa saa kadhaa. Mwenzetu mmoja alianguka Igoma asubuhi, akanywa chai na sisi, akatutania. Jioni akaanza kutapika na kuongea ovyo.

Basi mlaze, shikilia kichwa na shingo visicheze. Helmeti usiivue, labda kama imemzuia kupumua. Akitapika mgeuzeni ubavu, mwili na kichwa kwa pamoja. Msimpakie mshikaki kwenye pikipiki (nimeliona hilo, kichwa kinaning'inia kama cha sangara), tafuteni gari alale. Jeraha libane kwa kitambaa safi, ila pakiwa pamebonyea usikandamize.

Mmulike machoni kwa tochi ya simu. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, au maji yasiyo na rangi yakimtoka puani au sikioni, ni hospitali sasa hivi.

Aspirini hapana, pombe hapana. Usiku huo asilale peke yake.