Namna ya kusoma tafiti mpya za teolojia na historia ya Kanisa ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mchungaji, mwinjilisti au mwanafunzi wa chuo cha Biblia wa Rungwe, Njombe au Iringa akipata tasnifu nene kuhusu Kanisa lake, kwa kawaida huanza na ukurasa wa kwanza na kuchoka kabla ya sura ya pili. Maandishi ya namna hiyo hayadai kusomwa kwa mfululizo. Soma kwanza ikisiri, utangulizi na hitimisho, kisha ufungue orodha ya rejea, na katika hatua zote hizo utafute jibu la swali moja: mwandishi huyu anabishana na nani?

Katika teolojia swali hilo humwokoa msomaji na hasira zisizo na sababu. Aliyelelewa na Katekisimo Ndogo ya Luther hushtuka akikuta hoja kwamba Wayahudi wa wakati wa Paulo hawakuwa watu wa kujipatia wokovu kwa matendo. Hoja hiyo ilipewa nguvu na E. P. Sanders, msomi wa Agano Jipya, mwaka 1977: Myahudi wa wakati ule, kwa maelezo yake, aliingia katika agano kwa neema ya Mungu na aliishika sheria ili abaki ndani yake. Miaka michache baadaye msomi mwenzake James Dunn aliuita mwelekeo huo mtazamo mpya juu ya Paulo, na makala nyingi za leo kuhusu kuhesabiwa haki ama zinauendeleza, ama zinaurekebisha, ama zinaukataa.

Historia inadai uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa tunasoma habari za babu zetu. Wamoravian na Wamisheni wa Berlin, yaani Walutheri, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kitabu cha mwanahistoria Marcia Wright cha mwaka 1971, kinachozihusu misheni hizo mbili hadi mwaka 1941, bado ni kigingi ambacho mtafiti makini hawezi kukiruka. Usipokiona katika rejea za kazi inayohusu kipindi hicho, uwe na shaka.

Kipimo kizuri cha kazi mpya ni namna inavyosimulia miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na iliyofuata. Majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Waskoti wa Livingstonia, misheni iliyokuwa huko Nyasaland, walisaidia kusimamia vituo, na Wajerumani walirudi katikati ya miaka ya 1920. Mwandishi anayekipita kipindi hicho kwa aya moja, kana kwamba Kanisa lilikuwa limelala, anaandika historia ya wamisionari tu. Anayeuliza ni nani waliohubiri, waliofundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na kuamua mashauri ya nidhamu siku hizo anakaribia historia ya Kanisa lenyewe, na kwa maoni yangu kazi yake ndiyo inayostahili muda wako, hata kama lugha yake ni ngumu.

Baada ya hapo chunguza tanbihi. Nyaraka za Wamoravian zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, na za Misheni ya Berlin ziko Berlin. Taarifa nyingi ziliandikwa kwa ajili ya wakubwa na wafadhili wa Ulaya, kwa hiyo habari za ushindi ziwekwe kwenye mizani. Tazama kama mwandishi amezilinganisha na masimulizi ya wazee au na vitabu vya ubatizo vya ushirika. Kama sura moja inazungumzia eneo lako, anza na hiyo. Makosa ya majina ya ukoo na ya vijiji utayaona wewe kabla ya profesa yeyote.

Kuhusu upatikanaji, uliza katika maktaba za Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji mjini Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa. Kabla ya kununua kitabu cha bei kubwa, soma mapitio mawili yaliyoandikwa na watu wasiokubaliana. Jihadhari na majarida ya mtandaoni yanayotoza mwandishi ada na kuchapisha bila wasomi wengine kuipitia makala. Makala nzuri ikiwa imefungwa kwa malipo, mwandikie mwandishi kwa anwani iliyochapwa pamoja na makala, ukitaja kwa kifupi ushirika au chuo chako na sababu ya kuihitaji. Wengi hutuma nakala bila kudai chochote.