Jinsi ya kulegeza taya linalouma na lisilofunguka vizuri

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya sikio. Ukiweka vidole hapo na kufungua kinywa, utakihisi kikizunguka kwanza, kisha kikiteleza kwenda mbele pamoja na kisahani cha gegedu kilicho ndani yake. Kwa kawaida kinywa cha mtu mzima hufunguka milimita 40 hadi 50, yaani kadiri ya vidole vyake vitatu vilivyopangwa kati ya meno ya mbele.

Kabla ya zoezi lolote, lipumzishe taya. Ncha ya ulimi ikae kaakaani, nyuma tu ya meno ya mbele ya juu, midomo ifungwe bila kubanwa, na meno yasigusane. Wengi huyauma meno bila kujua wanapoandika au kuendesha gari, na kwa maoni yangu kujikagua hivi mara kwa mara kuna faida kuliko zoezi lenyewe. Jojo na vyakula vigumu viachwe kwa muda.

Weka kitambaa chenye uvuguvugu shavuni kwa dakika 10 hadi 15, kisha ukande polepole kwa ncha za vidole ule msuli unaotuna unapouma meno. Simama mbele ya kioo, ulimi ukiwa kaakaani, ufungue kinywa taratibu na kuishia pale ulimi unapotaka kubanduka. Tazama kidevu: kikikimbilia upande mmoja, rudi ulikotoka na ufungue kwa kiasi kidogo kuliko mara ile, hadi kishuke wima. Rudia mara 6, mara kadhaa kwa siku.

Maumivu yakishapungua, weka kidole gumba chini ya meno ya juu na cha shahada juu ya meno ya chini, uyatanue kwa upole kwa sekunde chache. Unapaswa kuhisi mvuto tu. Anayelazimisha ili apate milimita upesi huamka kesho yake taya limekaza zaidi. Mlio usioambatana na maumivu si wa kuogopwa, ila usiutafute kwa makusudi.

Taya lililoganda ghafla, lililopigwa, au lililovimba pamoja na homa lionwe na daktari kwanza. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua au kuishiwa pumzi huenda yanatoka moyoni, hivyo tafuta huduma ya dharura mara moja.