Namna ya kulitumia neno オペラ katika Kijapani

Wanafunzi wangu wa Kijapani wakifika kwenye neno オペラ hufurahi, kwa kuwa wakishalisoma tu wanalielewa: opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Basi hulipita haraka, nami huwarudisha.

Anza na matamshi. Sisi Waswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunajikuta tukisema o-PE-ra. Kijapani cha Tokyo hakikazi namna hiyo. Hupandisha na kushusha sauti. Hapa O ndiyo iliyo juu, kisha sauti inashuka kwenye pe na kubaki chini kwenye ra. Usivute irabu yoyote, zote tatu zina urefu mmoja. Kwenye ra, ncha ya ulimi iguse ufizi mara moja tu, isitetemeke. Sema polepole huku mkono ukifuata sauti: juu, chini, chini.

Neno huandikwa kwa katakana, hati ya maneno yaliyotoka ng'ambo. Angalia sana ペ. Kile kiduara kidogo cha juu kulia ndicho kinacholeta sauti ya p. Ukiweka vistari viwili badala yake itasomeka be, ukiacha patupu itasomeka he. Na ラ ukiisahau mstari wake wa juu, umeshaandika fu.

Sasa lipeleke kwenye sentensi. オペラを観に行く, opera o mi ni iku, ni kwenda kutazama opera. Mwimbaji wake ni オペラ歌手, opera kashu. Ukienda Hatsudai, Tokyo, kwenye jumba la taifa la maonyesho lililofunguliwa 1997, ukumbi mkubwa unaitwa オペラパレス, opera paresu.

Lipo pia neno 歌劇, kageki, lenye kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, ya wimbo na ya mchezo wa kuigiza. Kwenye mazungumzo ya kawaida tumia オペラ. Kageki utaikuta zaidi kwenye maandishi na majina rasmi. Jina maarufu kuliko yote ni 宝塚歌劇団, Takarazuka Kagekidan, kikundi cha Takarazuka chenye waigizaji wanawake watupu, kilichoanza maonyesho 1914. Jina lisikudanganye: wanachokifanya ni michezo ya muziki na dansi, si opera.

Na hao mashabiki wa Takarazuka wana オペラ yao, neno ninalolipenda mno. Darubini ndogo ya ukumbini ni オペラグラス, opera gurasu, nao huikata ikabaki opera tu. Kutoka hapo wakapata オペラ泥棒, opera dorobō, yaani mwizi wa opera: mwigizaji anayeivuta darubini yako asikuachie umtazame mwingine, hata kama tiketi uliinunua kwa ajili ya huyo mwingine.

Mkahawani, オペラ ni keki ya tabaka za chokoleti na kahawa. Hospitalini daktari akisema オペ, ope, hilo ni neno jingine kabisa: anazungumzia upasuaji.